Ndama wa Betheli na Baali wa Karmeli: ibada ya sanamu katika Biblia ni kosa moja au mawili?

Katika milima ya Efraimu, zamani za Waamuzi, mama mmoja aliibiwa vipande 1,100 vya fedha, akamlaani mwizi bila kumjua. Mwizi alikuwa mwanawe mwenyewe, Mika, ambaye laana ilimtia hofu, akakiri na kuzirudisha. Mama akaigeuza laana kuwa baraka, akatangaza kwamba fedha zile ameziweka wakfu kwa Bwana, kisha akampa mfua fedha vipande 200, naye akatengeneza sanamu ya kuchonga na sanamu ya kusubu zikawekwa nyumbani kwa Mika, pamoja na efodi, yaani vazi la kikuhani, na vinyago vya nyumbani. Baadaye akapita kijana Mlawi kutoka Bethlehemu, anatafuta pa kukaa. Mika akamwajiri kuwa kuhani wake kwa vipande 10 vya fedha kwa mwaka, nguo na chakula, akajiambia kwamba sasa Bwana atamtendea mema, maana amepata Mlawi. Habari hiyo imo katika Waamuzi 17, na ukiisoma kwa makini utaona kwamba ndani yake hakuna Baali, hakuna Kemoshi, hakuna Ashtorethi. Mungu anayetajwa kwa jina ni mmoja tu, naye ni Bwana.

Ukiuliza kama Mika aliabudu sanamu, msomaji yeyote wa Biblia atajibu ndiyo bila kusita. Ukiuliza kama aliabudu mungu mwingine, majibu yanaanza kuachana. Je, ibada ya sanamu katika Biblia ni kumwacha Mungu na kumfuata mungu mwingine, au ni kumwabudu Mungu yule yule kwa umbo alilolikataza? Mahubiri mengi huyafunga mambo haya mawili katika furushi moja, na huenda lugha yetu imesaidia kulifunga. Neno sanamu limetoka katika Kiarabu, ambako hutaja hasa kitu kinachoabudiwa, lakini Kiswahili kimelipanua hadi yule askari wa shaba aliyesimama katikati ya Dar es Salaam tangu 1927, bunduki yake ikielekea bandarini, naye ni sanamu ingawa hakuna anayempigia magoti. Kiebrania kina msamiati mpana zaidi: *pesel* ni kilichochongwa, *masekha* ni kilichosubiwa, *elilim* ni vitu visivyo kitu, na *gilulim*, neno alilolipenda sana Ezekieli, ni tusi ambalo wengi hulihusisha na mavi.

Mgawanyiko huo umo ndani ya Amri Kumi zenyewe. Kutoka 20:3 husema, “Usiwe na miungu mingine ila mimi,” na mstari unaofuata hukataza kujifanyia sanamu ya kuchonga au mfano wa kitu chochote cha mbinguni, cha duniani au cha majini. Hizo ni amri mbili au moja? Kanisa Katoliki, kwa mpangilio unaohusishwa na Augustino, huzihesabu kuwa moja, na Walutheri wamebaki na hesabu hiyo hiyo. Ndiyo maana mtoto wa Kikatoliki na mtoto wa KKKT, kanisa la Kilutheri la Tanzania, wakiulizwa amri ya pili, wote hutaja kulitaja bure jina la Mungu, ilhali mwenzao Mwanglikana au Msabato atasema habari ya sanamu ya kuchonga. Wayahudi nao huhesabu tamko la ufunguzi, lile la Bwana aliyewatoa katika nchi ya Misri, kuwa neno la kwanza, kisha huweka miungu mingine na sanamu pamoja katika neno la pili. Shutuma inayosikika mara kwa mara, kwamba Wakatoliki “waliifuta” amri ya pili, haina msingi, kwa sababu mstari upo katika Biblia zao zote na idadi ya kumi hutimia kwa kutenganisha kumtamani mke wa jirani na kuitamani mali yake. Hata hivyo hesabu yenyewe si jambo dogo. Anayeunganisha mistari hiyo miwili anaelekea kusoma kwamba sanamu iliyokatazwa ni ya ile miungu mingine. Anayeitenganisha anasoma makatazo mawili, na la pili linamhusu hata asiyekuwa na mungu mwingine.

Hapa sarufi nayo inaingia. Mstari wa 5 katika tafsiri yetu ya Union husema “Usivisujudie,” na kiambishi *-vi-* kinatupeleka moja kwa moja kwenye vitu vilivyochongwa. Lakini katika Kiebrania neno la sanamu liko katika umoja, wakati kiwakilishi cha wanaosujudiwa kiko katika wingi, na baadhi ya wafafanuzi wanaona kwamba kiwakilishi hicho kinaruka nyuma hadi kwenye “miungu mingine” ya mstari wa 3. Mfasiri aliyekubaliana nao angeandika “usiisujudie.” Silabi moja ya Kiswahili imeamua ubishi ambao Kiebrania kimeuacha wazi.

Wanaosema kwamba kosa ni moja, yaani kufuata miungu mingine, wana ushahidi mzito. Miungu hiyo ilikuwa na majina, makuhani na kazi maalumu. Tangu machimbo ya Ras Shamra katika pwani ya Syria yalipoanza mwaka 1929 na kufukua mji wa kale wa Ugariti, tunamjua Baali kutokana na mabamba ya udongo ya watu waliomwabudu, wala si kwa matusi ya wapinzani wake tu: huyo ni mpanda mawingu, bwana wa tufani, anayepigana na Bahari na kisha na Mauti, na anapozimia nchi hukauka. Mkulima wa Kanaani, asiye na mto kama Nile wa kumwagilia shamba lake, alimhitaji bwana wa mvua kuliko mwingine yeyote. Kwa hiyo nabii Eliya alipotangaza mbele ya mfalme Ahabu kwamba hapatakuwa na umande wala mvua, alikuwa amempiga Baali mahali pake pa kujidai, na pale Karmeli aliwaambia watu wachague mmoja kati ya wawili. Kemoshi wa Moabu alijengewa na Sulemani mahali pa juu, katika mlima unaoelekeana na Yerusalemu. Watoto walipitishwa motoni katika bonde la mwana wa Hinomu kwa ajili ya Moleki. Ezekieli 8 inaonyesha wanawake wakimlilia Tamuzi kwenye lango la kaskazini la hekalu, na wanaume wapatao 25 wamelipa hekalu kisogo wakilisujudia jua. Hapo hakuna ubishi juu ya umbo. Ni mungu mwingine waziwazi.

Katika kundi hili, kisa ninachokiona kuwa na uzito kuliko vyote ni kile cha Malkia wa Mbinguni, kwa sababu Biblia imewaacha waabudu wajitetee. Yeremia 7 inaieleza ibada hiyo kama shughuli ya familia: watoto wanaokota kuni, akina baba wanawasha moto, akina mama wanakanda unga wa mikate. Kisha, baada ya Yerusalemu kuanguka mwaka 586 kabla ya Kristo, wakimbizi waliofika Misri wanakemewa na nabii kwa jambo hilo hilo, nao wanajibu, katika sura ya 44, kwamba hawatamsikiliza. Wanadai kuwa walipokuwa wakimfukizia Malkia uvumba walishiba chakula na hawakuona baya, na kwamba tangu walipoacha wamepungukiwa na kila kitu, wameangamizwa kwa upanga na njaa. Hoja hiyo haikuwa ya kijinga. Mfalme Yosia alikuwa ameziondoa ibada hizo tangu mwaka 622, na mwaka 609 akauawa Megido; kisha wakaja Wababeli. Mtu wa kawaida aliyeyapanga matukio kwa kufuatana kwake angeweza kusema kwamba nchi iliharibika Malkia alipoachwa. Yeremia aliyasoma matukio yale yale na kusema kwamba adhabu imekuja kwa sababu ya uvumba wenyewe. Wanawake wale waliongeza neno ambalo wahubiri hulipita haraka: waume zetu walijua tulichokuwa tukikifanya.

Wenye mtazamo huu huwaweka ndama wa dhahabu katika kapu hilo hilo. Zaburi 106 inasema kwamba kule Horebu Israeli waliubadili utukufu wao kwa mfano wa ng'ombe alaye majani, na nabii Ahiya anamshtaki Yeroboamu, mfalme wa kaskazini aliyeweka ndama wa Betheli, katika 1 Wafalme 14:9, kwamba amejifanyia miungu mingine. Kama nabii amesema ni miungu mingine, wanauliza, sisi ni nani hata tumtetee Yeroboamu?

Lakini upande wa pili nao husimama juu ya maandiko yale yale. Haruni alipokwisha kumtengeneza ndama alijenga madhabahu mbele yake akatangaza, “Kesho itakuwa sikukuu kwa BWANA.” Hakutaja jina la mungu wa Misri wala wa Kanaani. Maneno ya watu, kwamba hiyo ndiyo miungu iliyowatoa Misri, yako katika wingi ingawa ndama alikuwa mmoja, na Nehemia 9:18, inapokumbuka kisa hicho, huyageuza kuwa umoja: huyu ndiye Mungu wako aliyekupandisha kutoka Misri. Wala hakuna aliyekuwa na shaka ni nani aliyewatoa Misri. Walichokuwa wakikitafuta ni kumwona, maana Musa alikuwa amekawia mlimani na mungu asiyeonekana alikuwa amebaki bila hata msemaji anayeonekana.

Kwa Yeroboamu hoja hii inapata nguvu zaidi, kwa sababu tunaijua nia yake. Ufalme ulipogawanyika, yapata mwaka 930 kabla ya Kristo, makabila ya kaskazini yalimfuata yeye, lakini hekalu lilibaki kusini. Aliogopa, asema mwandishi wa 1 Wafalme 12, kwamba watu wakiendelea kupanda kwenda kutoa sadaka Yerusalemu mioyo yao itamrudia Rehoboamu, mfalme wa kusini, na yeye Yeroboamu atauawa. Akaweka ndama mmoja Betheli na mwingine Dani, kusini na kaskazini mwa nchi yake. Mtawala anayetaka kuwazuia watu wasiende kumwabudu Mungu wa baba zao mahali pengine hawapi mungu wasiyemjua; huwapa Mungu yule yule karibu na nyumbani, akiwapunguzia safari. Mwanawe aliitwa Abiya, jina lenye maana kwamba Yahwe, yaani Bwana kwa jina lake la Kiebrania, ni baba. Zaidi ya karne moja na nusu baadaye, katika vigae vyenye maandishi ya wino vilivyofukuliwa Samaria mwaka 1910, anatajwa mtu aitwaye Egelyau, jina linalounganisha neno la Kiebrania la ndama na jina fupi la Yahwe. Wapo wanaolisoma kuwa “ndama wa Yahwe” na wapo wanaosema ni “Yahwe ni ndama,” lakini kwa vyovyote mzazi aliyempa mwanawe jina hilo hakuona kwamba viwili hivyo vinapingana.

Kisha yuko Yehu, mfalme mwingine wa kaskazini. Huyu ndiye aliyewaua waabudu wa Baali ndani ya hekalu lao, akaivunja nguzo, akaligeuza jengo kuwa choo, na kumwalika Yehonadabu aje aone wivu wake kwa ajili ya Bwana. Na bado, asema mwandishi wa 2 Wafalme 10, hakuziacha dhambi za Yeroboamu, yaani ndama wa Betheli na Dani. Mtu aliyekuwa na kichaa cha kumpinga mungu mwingine aliwaacha ndama walipo, na hilo lina maelezo mamoja tu: machoni pake hawakuwa mungu mwingine. Eliya mwenyewe, katika habari zake zote tulizo nazo, hatusomi kwamba aliwakemea ndama hata mara moja.

Ni William Albright, mwanaakiolojia wa Marekani, aliyeieneza nadharia kwamba ndama hakuwa sanamu ya Yahwe hata kidogo, bali kiti au kikanyagio chake. Katika sanaa ya Syria ya kale mungu wa tufani huonekana amesimama juu ya mgongo wa fahali. Ikiwa kule Yerusalemu Yahwe asiyeonekana aliketi juu ya makerubi, basi kule Betheli Yahwe asiyeonekana alisimama juu ya ndama. Nadharia hiyo inaleta swali linalosumbua: kwa nini makerubi yaruhusiwe? Agizo la Kutoka 25 ni kufua makerubi mawili ya dhahabu juu ya sanduku la agano, na hekalu la Sulemani lilikuwa na bahari ya shaba iliyobebwa na ng'ombe 12 wa shaba, watatu kila upande. Ng'ombe wa shaba Yerusalemu ni pambo. Ng'ombe wa dhahabu Betheli ni dhambi. Mwenyeji wa kaskazini angekuwa na haki ya kuuliza tofauti ni nini, na kushuku kwamba jibu ni Yerusalemu yenyewe.

Mimi naona kwamba upande wa pili unashinda katika swali la nia. Yeroboamu hakukusudia kubadili mungu, na mwandishi wa Wafalme alilijua hilo, kwa kuwa anapofika kwa Ahabu, katika 1 Wafalme 16:31, anasema kwamba Ahabu aliona ni jambo jepesi kuenenda katika dhambi za Yeroboamu, akaenda kumtumikia Baali. Mtu hawezi kusema jambo moja ni jepesi kuliko lingine kama hayatofautishi. Basi Biblia inatambua ngazi mbili. Lakini upande wa kwanza unashinda katika swali la matokeo, na shahidi wake ni Hosea, aliyeishi kaskazini na kuyaona mambo kwa macho yake. Anasema kwamba watu wanawabusu ndama. Hakuna anayebusu kikanyagio. Kitu kilichowekwa kuwa alama ya asiyeonekana, baada ya vizazi kadhaa, midomo ya watu ilikuwa imekwisha kukigusa kama mwenyewe.

Hosea anaonyesha pia jinsi mpaka ulivyofutika katika majina. Baali maana yake ni bwana, mwenye mali, hata mume. Katika Hosea 2 Mungu anasema siku inakuja ambapo Israeli hatamwita tena “Baali wangu,” kwa hiyo walikuwapo watu waliomwita Yahwe hivyo, bila nia mbaya. Mwana wa Sauli aitwaye Ishboshethi katika vitabu vya Samweli anaitwa Eshbaali katika 1 Nyakati 8, na wengi wanaona kwamba mwandishi mmoja alilifuta neno Baali akaweka *boshethi*, yaani aibu. Mkulima aliyepiga magoti mbele ya fahali akilitaja jina la “Bwana” huenda hakuweza kueleza ni bwana yupi. Katika vilima vya kaskazini mwa Samaria kilipatikana kifahali cha shaba chenye urefu wa takribani sentimita 18, mahali pa ibada panapokadiriwa kuwa pa karne ya 12 kabla ya Kristo, ambapo Amihai Mazar alichimba mwaka 1978 na 1981. Kimehifadhiwa vizuri, masikio na nundu vinaonekana, na hadi leo hakuna awezaye kusema kama ni cha Baali, cha Eli, mungu mkuu wa Wakanaani, au cha Yahwe.

Ndiyo maana nadhani hoja yenye nguvu kuliko zote dhidi ya umbo si ile ya mashindano ya miungu. Imo katika Kumbukumbu la Torati 4, ambapo watu wanakumbushwa kwamba siku ya Horebu walisikia sauti ya maneno lakini hawakuona umbo lolote, na kwa sababu hiyo wasijifanyie sanamu ya mwanamume wala ya mwanamke, ya mnyama, ya ndege, ya kitambaacho wala ya samaki. Katika maneno hayo Baali hatajwi. Kosa linaloogopwa ni kumchukua aliyesema na kumgeuza kuwa kitu kinachotazamwa, kinachobebwa, na, kama ilivyokuwa kwa Mika, kinachoweza kuibiwa. Watu 600 wenye silaha wa kabila la Dani walipopita kwake walichukua sanamu, efodi, vinyago na yule Mlawi, naye alipowafuata akilalamika aliwauliza: mmeichukua miungu yangu niliyoifanya, na kuhani, nami nimebaki na nini? Mwandishi hakuongeza maelezo, na hayakuhitajika.

Kati ya ngazi hizo mbili kuna vitu ambavyo havikai sawasawa mahali popote. Nguzo ya jiwe ni mfano mmojawapo. Yakobo alisimamisha jiwe Betheli akalimiminia mafuta, na hakuna anayemlaumu. Kumbukumbu la Torati 16:22 inasema kwamba nguzo ni kitu anachokichukia Bwana. Katika ngome ya Aradi, kusini mwa Yuda, Yohanan Aharoni alifukua miaka ya 1960 hekalu dogo la wakati wa wafalme ambalo chumba chake cha ndani kilikuwa na jiwe la kusimamishwa na madhabahu mbili za kufukizia, na ngome hiyo hiyo imetoa barua zenye kubariki kwa jina la Yahwe. Ashera ni mfano mwingine. Katika Kuntillet Ajrud, kaskazini-mashariki mwa Sinai, Ze'ev Meshel alipata mwaka 1975 na 1976 mitungi mikubwa ya takribani mwaka 800 kabla ya Kristo yenye maneno ya baraka kwa “Yahwe wa Samaria na Ashera wake.” Wengine wanasema kwamba huyo ni mungu mke, mwenzi wa Yahwe, wengine wanakumbusha kwamba Kiebrania hakina desturi ya kubandika kiambishi cha “-ake” kwenye jina la mtu, kwa hiyo inayotajwa ni nguzo ya mti iliyosimama karibu na madhabahu. Ikiwa wa kwanza wana haki, ni kosa la ngazi ya kwanza. Ikiwa wa pili wana haki, ni la ngazi ya pili. Na aliyeandika kwenye mtungi huenda angelishangaa swali lenyewe.

Lipo pia suala la haki katika kejeli za manabii. Isaya 44 inamchora mtu aliyekata mti, akawasha nusu yake, akaoka mkate, akachoma nyama, akaota moto na kusema amepata joto, kisha akachonga mungu kwa mabaki na kumwomba amwokoe. Ni kejeli kali na yenye sanaa kubwa, lakini wasomi wa dini za Mesopotamia wanatukumbusha kwamba waabudu wa Babeli hawakuamini kwamba gogo ni mungu. Walikuwa na ibada iitwayo *mis pi*, kuosha kinywa, ambayo bila hiyo sanamu haikuweza kunusa uvumba, kula wala kunywa. Katika ibada hiyo mafundi walifungwa mikono kwa kitambaa, mikono hiyo “ikakatwa” kwa kisu cha mti wa mkwaju-jangwa, nao wakaapa kwamba si wao walioitengeneza sanamu, imezaliwa mbinguni. Mtu anaweza kusema, basi, kwamba nabii aliwasingizia. Mimi naona kinyume chake: aliielewa ibada ile vizuri sana, akapiga mahali palepale ilipojitahidi kuficha, yaani mikono ya fundi. Tena nikisoma kiapo hicho siwezi kujizuia kumkumbuka Haruni, ambaye mwandishi ametueleza kwamba alitumia chombo cha kuchongea, lakini alipobanwa na Musa alijitetea kwamba aliitupa tu dhahabu motoni, na ndama huyu akatoka.

Agano Jipya linaligeuza swali upande mwingine, nami nitalipita haraka. Paulo, akiwajibu Wakorintho kuhusu nyama iliyotolewa kwa sanamu, anashikilia mambo mawili kwa pamoja: sanamu si kitu katika ulimwengu (1 Wakorintho 8), na bado wanavyovitoa mataifa wanavitoa kwa mashetani (sura ya 10). Wakolosai 3:5 inaita tamaa ya mali kuwa ibada ya sanamu, na tangu hapo wahubiri wameongeza pesa, mpira, simu na siasa. Upanuzi huo una msingi wake katika maandiko, ingawa naona kwamba kila ukiongezewa kitu kimoja neno linapungua makali, hata mtu anaweza kulihubiri mwaka mzima bila kumkwaza yeyote. Mtaguso wa pili wa Nikea, mwaka 787, ulirudi kwenye swali la zamani ulipotofautisha kuabudu, ambako ni kwa Mungu peke yake, na heshima inayopewa picha takatifu, ambayo humfikia aliyechorwa. Wanaoukubali husema kwamba aliyekatazwa kuonyeshwa umbo Horebu alijionyesha umbo Bethlehemu. Wanaoupinga hujibu kwa Hosea na mabusu yake. Kwangu hoja ya kwanza ni nzito kama theolojia, na ya pili ni nzito kama uzoefu wa watu, na sijaona iliyoweza kuimeza nyingine.

Kama kuna kitu kimoja kinachozikusanya pande zote mbili, ni nyoka wa shaba. Hakutengenezwa kwa woga kama ndama wa Horebu, wala kwa siasa kama ndama wa Betheli, wala kwa fedha za wizi kama sanamu za Mika. Hesabu 21 inasema ni Mungu mwenyewe aliyemwagiza Musa amfue na kumtundika juu ya mti, na waliomtazama wakapona, na Injili ya Yohana itamtumia baadaye kama mfano wa Kristo. Karne nyingi zikapita. Katika 2 Wafalme 18:4, mfalme Hezekia anazivunja nguzo, anaikata Ashera, kisha anamponda nyoka huyo vipande vipande, kwa sababu hadi siku zile wana wa Israeli walikuwa wakimfukizia uvumba. Hatusomi kwamba aliyagusa makerubi yaliyokuwa ndani ya hekalu, katika giza ambamo watu wa kawaida hawakuweza kuyafikia kwa uvumba wala kwa midomo. Mstari huo unamalizia kwa kutaja jina la nyoka, Nehushtani, ambalo ndani yake mna nyoka na mna shaba pia, na kitenzi cha Kiebrania hakisemi ni nani aliyemwita hivyo. Ikiwa ni Hezekia, jina ni dharau: hiki ni kipande cha shaba. Ikiwa ni watu waliomfukizia, basi ni jina la mapenzi, walilorithishana kutoka kwa wazee wao waliopona jangwani.